Bata Ambaye Mama Hakuwahi Kumwona

Mama yangu alimfuga bata wake kwa miaka kadhaa bila kumwona. Alimjua kwa uzito, kwa joto la tumbo lake akimpakata, na kwa ile sauti ya kunong'ona ambayo bata wa aina yake huitoa badala ya kulia. Rangi yake hakuijua. Akiuliza watu, kila mmoja alimpa yake. Dada yangu alisema ni mweupe. Jirani yetu alisema ni mweusi mwenye uchafu. Mimi sikuwa na la kusema, kwa sababu tangu bata huyo aletwe nilikuwa sijakanyaga nyumbani. Nilikuwa Kitale, kisha Kisumu, kisha Isiolo, nikipika katika mikahawa ya watu na kuhama kila nilipoanza kuzoea sauti za majirani.

Mama alimpata katika soko la Kithimani, alikokuwa akipeleka maharagwe. Mwanamke mmoja aliyekuwa akihama alimpa kifaranga ndani ya kikapu, akamwambia tu, "Shika huyu, mimi sina mahali pa kumweka." Wakati huo macho ya mama yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu. Alimchukua akidhani ni kifaranga wa kuku. Akamlea na kuku wenzake, akashangaa kwa nini hachakuri ardhi kama wao, kwa nini anatembea akiburuta tumbo kama mtu aliyeshiba. Siku moja akamwinua kumpapasa kama ana ugonjwa, vidole vyake vikakuta ngozi katikati ya kucha.

"Nikasema, Mungu wangu, nimelea chura," alinihadithia kwenye simu, akicheka mpaka akakohoa.

Huku kwetu Kathiani watu hawafugi bata. Tuna milima, tuna maembe na maparachichi, tuna mahindi mvua ikikubali, lakini maji ya kumpa ndege aogelee hatuna. Kwa hivyo bata wa mama akawa kichekesho cha kijiji, na mama akampenda zaidi kwa sababu hiyo. Bata alimfuata hadi jikoni, hadi shambani, hadi kwenye lango akisindikiza wageni. Baba alikuwa ameshatutoka, dada yangu ameolewa Mlolongo, na mimi niko barabarani. Aliyebaki kusikiliza maneno ya mama kuanzia asubuhi alikuwa huyo.

Hatimaye ikapatikana nafasi ya kutolewa mtoto wa jicho, jicho moja kwanza, kisha la pili baadaye. Angelazwa Machakos mjini, halafu akae kwa dada kwa muda, kwa sababu daktari alikataza moshi na vumbi, na jikoni kwetu ni moshi na vumbi tangu nizaliwe. Alihitajika mtu wa kubaki nyumbani. Nilikuwa nimetoka tu kuacha kazi Isiolo, nikaja na begi langu moja na kuliweka nyuma ya mlango wa sebuleni, mahali ninapoliweka kila mara.

Asubuhi ya kuondoka mama alisimama uani na kitambaa chake kipya kichwani, bata amesimama karibu na viatu vyake.

"Mwaitu," aliniambia. Mimi ni binti wa pili na nimebeba jina la mama yake, kwa hivyo ananiita mwaitu, yaani mama, nami namwita vivyo hivyo. "Mbuzi, jirani atawaangalia. Kuku wanajijua. Nakuachia huyu peke yake. Nikirudi nataka kumwona."

"Utamkuta."

"Sijasema kumkuta. Nimesema kumwona. Kwa macho."

Jirani yetu alikuwa ameegemea ua akisikiliza. Ni mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, ambaye tangu nifike alikuwa akiniita mgeni. "Unamwachia bata mtu ambaye hata paka hajawahi kufuga," akasema.

"Atafuga," mama akajibu, akaingia garini bila kugeuka, maana hata angegeuka asingeona kitu.

Nilianza kazi kwa usafi. Mtu aliyekaa katika jikoni za watu hujifunza kuona uchafu kabla hajaona kitu kingine, na nyumba ya mama ilinihuzunisha. Kuta zilikuwa na alama za viganja mahali alipozoea kupapasa njia. Sufuria zilikuwa zimeoshwa kwa upande mmoja. Nyuma ya jikoni nilikuta karai kuukuu lililojaa maji ya kijani, manyoya, maganda na vipande vya majani ya sukuma. Nikaona aibu kwa niaba yake. Nikasema moyoni, masikini mama, hata hili halioni. Nikamwaga yote kwenye mpapai, nikalisugua karai kwa mchanga mpaka likang'aa, nikaligeuza kuwa la kuwekea makaa.

Bata nikamwekea maji safi ya tangi kwenye kisosi, kando ya chakula chake. Hivyo ndivyo anavyonyweshwa kuku, kidogo kidogo ili asimwage. Huku kwetu maji si kitu cha kumwachia ndege achezee. Mvua ya Novemba ilikuwa mbali bado, na nilipogonga tangi kwa kifundo cha kidole lililia kama ngoma karibu hadi chini. Maji niliyooshea mboga niliyamwaga moja kwa moja kwenye sukuma za mama, zile alizopanda katika magunia kando ya ua. Niliona nimepanga mambo vizuri. Nikampigia dada kumwambia kwamba nyumba sasa ni nyumba.

Sikumbuki ni siku gani hasa bata alipoacha kula, kwa sababu mwanzoni nilikuwa sijajua kula kwake kukoje. Nilikuwa nikimwekea chakula cha kuku cha dukani, ule unga mkavu wa punje, na kila mara nilipomtazama niliona unga umemganda kwenye mdomo na juu ya matundu ya pua. Nikafikiri ni dalili kwamba amekula. Kumbe ungeweza kupima chakula asubuhi na jioni ukakuta kiko palepale.

Kisha akaacha kunifuata. Alikuwa amezoea kuja nyuma ya visigino vyangu akinong'ona, si kwa mapenzi nadhani, bali kwa kutafuta viatu vya mama. Sasa akakaa chini ya ghala, kichwa amekizamisha kati ya mabega, manyoya yamesimama ovyo kama nguo zilizokauka bila kukung'utwa. Nilipomwinua akanishtua kwa wepesi wake. Macho yake yalikuwa na povu pembeni, na moja lilikuwa limefunga kabisa.

Nilikwenda sokoni kwenye duka la dawa za mifugo. Msichana wa pale alinisikiliza vizuri, akaegemea kaunta.

"Ni kuku wa mayai ama wa nyama?"

"Ni bata."

"Bata?" Akamgeukia mwenzake ndani. "Kuna mtu hapa ako na bata."

Mwenzake akatoa kichwa kunitazama. Nikajihisi kama mtu aliyeleta ngamia.

"Dawa ya bata hatuna, mama, hakuna mwenye hufuga," msichana akasema. "Lakini hii vitamini ya kuku haina shida. Weka kwa maji yake ya kunywa."

Nikaiweka kwenye kisosi. Maji yakawa ya manjano, bata akayatazama kwa jicho lake moja akageuza shingo.

Jirani naye alikuja na dawa yake. Alikuwa amekata jani nene la kiluma, mshubiri ule mchungu tunaowapa kuku wakishikwa na ugonjwa, na pilipili chache ndani ya kiganja.

"Saga hizi uchanganye na maji," akasema. "Kuku wangu walikuwa wamelala chini wote. Niliwapa hii wakaamka."

"Wote?"

"Wale hawakuamka tuliwala." Akamtazama bata kwa muda, uso wake ukalegea. "Pole, mgeni. Huyu naye mama yako atamlilia kuliko vile alimlilia mzee."

Sikumpa pilipili. Kiluma nilimpa matone mawili kwa bomba la sindano nililonunua bila sindano yenyewe, na akanitikisia kichwa, akanirushia yote kwenye blauzi. Basi nikarudi kwenye ninachokijua, nikampikia. Nilimtengenezea uji mwembamba wa mtama, nikaupoza, nikamweka mapajani nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha mama, nikamfungua mdomo kwa kidole gumba na kumtilia kidogo kidogo upande wa shavu. Alimeza kwa lazima. Nilisikia uji ukishuka chini ya kiganja changu kilichomshika shingo, na baada ya kila tone alifunga jicho kwa uchovu, kama mtu aliyepandishwa mlima.

Nilimshika hivyo asubuhi na alasiri. Sijui kama nimewahi kukaa mahali pamoja muda mrefu namna ile bila kazi ya mikono. Mikononi mwangu moyo wake ulienda mbio ajabu, nami nikawa nimekaa, natazama kivuli cha mpapai kikitambaa uani, na nakumbuka. Nilikumbuka Kisumu, bata wakielea pale karibu na ziwa kwenye majani, na jinsi nilivyopita hapo kila siku nikienda kazini bila kuwatazama kwa makini hata mara moja. Nilikumbuka kila mji niliouacha nikidhani nimemaliza kuujua.

Rafiki yangu mmoja alinipigia kutoka Nanyuki. Kuna mkahawa mpya, wanataka mpishi, nije upesi kabla hawajamwita mwingine. Zamani ningekuwa nimeshika begi kabla hajamaliza kusema.

"Siwezi sasa hivi," nikamwambia. "Nina mgonjwa."

"Pole sana. Ni mama?"

"Hapana. Mama yuko hospitalini."

"Sasa mgonjwa ni nani?"

"Wa hapa nyumbani," nikasema. Bata alikuwa amelaza mdomo juu ya mkono wangu. Nikaona ni afadhali nisieleze.

Mama alikuwa akipiga kila jioni kwa simu ya dada. Jicho lilikuwa limefanyiwa upasuaji, bandeji iko juu, anasubiri. Swali lake la kwanza halikuwa juu yangu.

"Huyo anaendeleaje?"

"Yuko sawa."

"Anakula?"

"Anakula, mwaitu."

"Mweke nisikie."

Nikashusha simu hadi kwenye kichwa cha bata. Bata hakutoa hata pumzi. Nikahesabu moyoni, nikarudisha simu sikioni.

"Amelala," nikasema.

"Jua halijatua bado."

"Amechoka na joto."

Mtu aliyeishi miaka mingi kwa masikio huwezi kumdanganya kwa simu, nami nilijua hilo nikiwa nasema. Lakini ningemwambia nini, na yeye amekatazwa kulia?

Bandeji ikatolewa. Dada alinipigia mwenyewe, sauti imepanda. Mama anaona. Amesimama dirishani anasoma rangi za nguo zilizoanikwa kwenye roshani za watu. Ametazama mikono yake mbele na nyuma, akauliza hii ni ya nani. Amewatazama wajukuu mmoja mmoja akiwashika kidevu. "Sikiliza," dada akasema, "piga picha ya huyo bata unitumie, nimwonyeshe."

Nilimtazama bata. Alikuwa ameinamisha shingo, uso umevimba, unga umekauka puani. Nyuma ya dada nikasikia sauti ya mama.

"Sitaki picha," alisema. "Usimwambie hivyo. Picha nitaona za watu. Huyo nataka mwenyewe."

"Umesikia?" dada akasema. "Daktari akimwachilia wiki ijayo tunakuja."

Nikasema nimesikia.

Kesho yake asubuhi bata hakuinua shingo. Aliilaza yote chini, ndefu, kama kamba iliyoanguka. Nilimbeba hadi nyuma ya jikoni mahali ambapo jua la asubuhi hupiga, nikamlaza juu ya gunia. Nilijaribu uji, ukatoka pembeni mwa mdomo. Nikampangusa macho kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu kama nilivyokuwa nikifanya, yakafunguka kidogo kisha yakafunga. Niliacha. Nilikuwa sijala tangu jana yake mchana, nikaona heri nifanye kitu, hata kama ni kupika. Nikachuma sukuma, nikachota maji kwenye beseni, nikaketi kwenye kigoda kando yake na kuanza kuosha jani moja moja.

Sauti ndiyo iliyomwamsha, nadhani. Ule mchirizi wa maji ukidondoka kutoka kwenye majani kurudi ndani ya beseni. Niliona shingo ikisogea. Kwanza nikafikiri ndiyo ile mitetemo ya mwisho. Kisha akajiburuta, tumbo likikwaruza gunia, mpaka kidevu kikafika ukingoni mwa beseni, na kabla sijajua anataka nini akatumbukiza kichwa chote, mpaka nyuma ya macho, mpaka shingoni.

Nilinyoosha mkono kumtoa, nikidhani anazama. Mapovu yakapanda. Alikuwa akipuliza. Alipuliza kwa nguvu, mara na mara, na ule unga uliomziba pua ukaachia na kuelea juu ya maji kama ukoko wa uji. Akainua kichwa, maji yakitiririka, macho yote mawili wazi, akakitikisa na kunilowesha uso. Akatumbukiza tena. Mara ya tatu akatoka na kipande cha sukuma mdomoni. Akakizungusha pamoja na maji, akainua mdomo juu, kikashuka.

Nilikaa na mikono yangu ndani ya beseni, sukuma zikielea kuzunguka vidole vyangu, naogopa kusogea.

Ndipo nikalikumbuka karai. Na nyuma ya karai nikakumbuka jambo ambalo halikustahili kusahauliwa na mtu aliyezaliwa katika nyumba ile. Katika nyumba yetu maji yalikuwa na safari. Yaliingia kwa mgongo wa punda na hayakutoka kabla hayajafanya kazi zote. Yalioshewa muthokoi kwanza, yale mahindi yaliyotwangwa, kisha mboga, kisha yakaenda kwenye beseni la mikono, na jioni, yakiwa yamechoka kabisa, baba aliweka miguu yake ndani akitoka shambani. Baada ya miguu ya baba ndipo yakapewa mpapai. Sisi watoto tulichapwa kwa kumwaga maji yaliyokuwa bado na kazi. Mama aliendelea na safari hiyo baba alipoondoka, na mahali pa miguu ya baba akaweka bata. Karai lile la kijani halikuwa uchafu ambao macho yake yameukosa. Alikuwa akilijaza kwa mikono yake kila siku, maji ya mboga na mabaki yake ndani, bata akioga, akisafisha pua na macho, akilowesha chakula chake apate kukimeza, halafu jioni sukuma zikinyweshwa. Mimi nilikuja na usafi wangu, nikayakatisha maji njiani, nikampa ndege wa majini kisosi.

Niliyatoa makaa. Nililiosha karai, nikalirudisha nyuma ya jikoni kwenye alama yake ya duara ardhini, ambayo sikuwa nimeiona kwa sababu sikuwa nimeitafuta. Maji ya beseni hayakutosha hata kufunika chini. Nikachukua mitungi nikateremka mtoni, kwa sababu kuchukua ya tangi hadi karai lijae kungenitia hofu mimi mwenyewe. Mto wakati ule ni mchanga mtupu, unachimba shimo na kungoja maji yajikusanye, unayachota kwa kikombe bila kuyachafua. Jirani alinikuta njiani nikipanda na mtungi mgongoni, kamba imenikata kwenye paji la uso, sikuwa nimebeba hivyo tangu shuleni.

"Si uite mwenye punda akuletee?"

"Amesema mpaka jioni."

"Na haraka ni ya nini?"

"Bata anataka kuoga."

Alisimama akanitazama nikipita. "Ai," akasema nyuma yangu. "Huko ulikotembea ulirudi na mambo, wewe." Lakini baada ya muda nilipokuwa namimina, alikuja kupitia kwenye ua na ndoo yake ya maji aliyooshea vyombo, yasiyo na sabuni, akayamwaga ndani ya karai. Tukasimama wote wawili tukimtazama yule bata, nusu ndani nusu nje, akijaribu kukumbuka namna ya kujikuna chini ya bawa.

"Hivi ndivyo mama yako alikuwa anafanya," jirani akasema taratibu. "Nilikuwa nasikia akimwongelesha hapa. Nilidhani anaomba."

Jioni ile mama alipopiga sikungoja aulize.

"Mwaitu, nilikudanganya. Hakuwa akila. Alikuwa karibu kufa."

"Nilijua," akasema. "Huyo hajawahi kulala wakati mimi naongea."

"Nilimpa maji kwa kisosi."

"Kwa nini?"

"Nilidhani karai ni uchafu. Maji ya mboga nilikuwa namwaga kwa magunia."

Nilisikia akivuta pumzi ndefu, nikajiandaa. Lakini alikuwa anacheka, kile kicheko cha kifua ambacho dada alimkataza kwa ajili ya jicho. "Na mimi nilifikiri ni kuku," alisema. "Sasa wewe ulitaka ujue zaidi yangu kwa siku chache? Mweke nisikie."

Nikateremsha simu. Bata, akiwa amekaa kwenye maji yaliyomfika kifuani, akanong'ona. Haikuwa sauti kubwa, ilikuwa kama mtu anayefagia chumba cha mbali.

Hakupona siku moja. Jicho lile lililofunga lilichukua muda kusafika, na kwa siku kadhaa alikula tu nilichokilowesha mimi mwenyewe na kukitupia ndani ya karai. Lakini uzito ukarudi. Akaanza tena kufuata visigino vyangu, na sasa, akikosa viatu vya mama, alikubali vyangu. Rafiki wa Nanyuki alinitumia ujumbe kwamba mpishi amepatikana. Nilimjibu asante, nikaenda kuosha mboga.

Mama alirudi mchana, amevaa miwani nyeusi mikubwa iliyomfanya aonekane kama mtu wa redioni. Dada alimshika mkono kumtoa garini, naye akautoa mkono huo. Akatembea mwenyewe kupita uani, si kwa kupapasa bali polepole, akisimama kutazama ghala, mpapai, zile alama za viganja vyake mwenyewe ukutani ambazo mimi sikuwa nimezipaka rangi. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jikoni. Akaketi kwenye kigoda, kivulini, na kuvua miwani.

Bata alikuwa ndani ya karai. Aliposikia hatua zake alinyoosha shingo, akaanza kunong'ona na kutikisa mkia, akatoka akiwa amelowa, akaja hadi miguuni pake.

Mama aliinama. Alimtazama kwa muda mrefu sana, kwanza mgongo, ambao ni mweusi wenye kung'aa kijani ukipigwa na jua, kisha kifua cheupe chenye madoa, kisha uso. Mtu asiyewajua bata wale lazima aonywe juu ya uso. Umejaa vinundu vyekundu, kuanzia mdomoni hadi nyuma ya macho, kama kitu kilichoungua.

"Na hii nyekundu?" akauliza. "Ni ule ugonjwa?"

"Hapana. Ndivyo alivyo."

"Alikuwa hivi siku zote?"

"Siku zote."

Akamshika kidevu kama alivyowashika wajukuu, akamgeuza huku na huku. "Kumbe nimeishi na sura hii," akasema. "Na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia ni mbaya namna hii." Akampakata, maji na yote, juu ya nguo yake ya safari, dada akilalamika. Akafumba macho kidogo, nadhani kuhakikisha ni yule yule, akayafungua tena.

Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama na beseni mkononi. Alinitazama vile vile, bila haraka, kutoka chini kwenda juu.

"Umeota mvi, mwaitu."

"Kitambo."

"Nani angeniambia."

Alipomaliza chai akaingia sebuleni kupumzika. Nilimsikia amesimama nyuma ya mlango.

"Hili begi ni la nani?"

"Ni langu."

"Nilikuwa nikiligonga kwa mguu kabla sijaenda hospitali, nikidhani ni gunia la mahindi." Akalisukuma kwa kidole cha mguu, taratibu, kulijaribu uzito. "Litoe hapo basi. Mtu anayeona hapendi kuzunguka vitu."

Nikalibeba nikalipeleka chumbani, nikalisukuma chini ya kitanda hadi likagusa ukuta. Nilipotoka alikuwa amerudi nyuma ya jikoni, amekunja mikono ya nguo, anaosha viganja vyake juu ya karai ili maji yaangukie ndani, na bata anasubiri.